Mashine Isiyonguruma: Safari ya Tanga na Miwani ya Uhalisia Pepe

Tanga, waja leo waondoka leo. Kila abiria wa mabasi ya kaskazini ameusikia msemo huo, na wengi huutimiza. Mimi nilikwenda kwa nia ya kukaa. Begini nilikuwa na nguo chache, daftari, na miwani ya uhalisia pepe niliyoazimwa na mpwa wangu, kijana anayesomea kompyuta Dar es Salaam. Ndani ya miwani ile alikuwa amejenga kiwanda kidogo: meza, mkanda unaopitisha maboksi, na mkono wa roboti wenye viungo sita. Mkono ule huokota boksi upande wa kushoto, hugeuka, na kukukabidhi wewe uliyesimama mbele yake.

Mpwa wangu alinieleza kwamba vyuo vya Ulaya, Asia na Marekani hutumia viwanda vya namna hii, visivyo na tofali hata moja, kuchunguza binadamu anavyofanya kazi bega kwa bega na roboti. Mtu anasimama umbali gani? Anashtuka lini? Anaanza kuiamini baada ya muda gani, na akishaiamini anazembea wapi?

"Lakini mjomba," akasema, "wengi wanaojaribiwa ni wanafunzi wa vyuo hivyohivyo. Ningependa kujua mtu aliyekula chumvi nyingi na mashine atasemaje."

Nikamwambia watu wa aina hiyo Tanga wapo tele.

Safari ya basi kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 350. Ukipita Chalinze, kisha Mkata, mkonge unaanza kujitokeza, na ukifika Kabuku umekuzunguka pande zote, mistari iliyonyooka hadi macho yanachoka kuifuata. Segera njia zinaachana: wa Korogwe na Moshi wanashika kushoto, sisi tukashika kulia kuelekea Muheza, ambako machungwa husogezwa hadi dirishani kabla basi halijasimama. Baada ya hapo ni Pongwe na vumbi la saruji, halafu upepo wa bahari unaingia ndani ya basi, na abiria wanaanza kutafuta viatu vyao chini ya viti.

Mkonge si mwenyeji wa pwani hii. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika ikiwa hai ni 62, nayo ikapandwa Kikogwe, jirani na Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ulianza kutoka Tanga, na ilipofika 1911 garimoshi lilikuwa linapiga honi Moshi. Kutokana na miche ile 62 nchi hii ikaja kuwa ya kwanza duniani kwa mkonge. Mwaka 1964 zilizalishwa tani zipatazo 230,000. Nyuma ya tani hizo walikuwapo manamba, watu walioletwa kwa mikataba kutoka Songea, Kigoma, Msumbiji na Ruanda-Urundi. Kuanzia 1944 walikusanywa na ofisi ya waajiri iliyojulikana vijijini kwa jina la Silabu.

Jani la mkonge likishakatwa halisubiri. Likikauka singa hazitoki vizuri, kwa hiyo kila shamba kubwa lilihitaji mtambo wa kusaga na kukwangua majani karibu na mashamba yenyewe. Mitambo hiyo ndiyo korona, iliyotoka Ujerumani, na Robey, iliyotoka mji wa Lincoln, Uingereza. Majani hupangwa juu ya mkanda, mnyororo huyashika, ngoma zenye visu butu huyakwangua huku maji yakimwagika, na upande wa pili zinatoka singa nyeupe tayari kuanikwa. Pembeni ya mashine wamesimama watu: wa kulisha, wa kupokea, wa kuzoa makapi. Kwa zaidi ya karne moja mkoa huu umeishi na mashine inayokwenda kwa kasi yake yenyewe, na binadamu aliyetakiwa kwenda nayo sambamba. Anayedhani kwamba elimu ya kuishi na mashine itashushwa Tanga pamoja na roboti ya kwanza, anapaswa kuanzia kwa wazee waliosimama kando ya mashine hizo.

Nilifikia Usagara, kwa jamaa zangu. Ni kata ya mjini, yenye sekondari inayobeba jina hilohilo, na wanafunzi wanaokwenda shule kwa baiskeli kama ilivyo ada ya jiji zima. Jioni watu huketi barazani, maziwa ya mtindi yakipita kutoka mkono hadi mkono, na mgeni hawezi kuficha kitu alichokuja nacho. Habari za miwani zilishatangulia. Jirani mmoja, mzee aliyefanya kazi korona tangu ujanani hadi mitambo ya shamba lake iliposimama, alikuja amevaa kanzu na kofia ya kiua.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ndicho chombo chenyewe hicho?"

Tukakunja mkeka, tukasogeza viti ukutani. Mjukuu wake, msichana wa kidato cha tatu, akamshika kiwiko asije akajikwaa. Mzee akavua kofia, tukamfunga miwani, nikakaza mkanda nyuma ya kisogo chake. Mimi nilikuwa naona anachokiona kwenye simu yangu: meza, maboksi, mkono wa roboti ukiwa umetulia. Nikauwasha. Ukainama, ukaokota boksi, ukageuka, ukamnyooshea.

Hakulipokea. Alirudi hatua moja, kisha akaanza kuuzunguka ule mkono taratibu akiburuza nyayo, hadi akawa ubavuni mwake, pale unapofungwa kwenye sakafu. Akainamisha kichwa upande, sikio likaelekea kwenye roboti isiyokuwapo.

"Hii imewashwa?"

"Imewashwa, mzee."

"Mbona haingurumi? Hata kupumua haipumui."

Nikamweleza kwamba roboti za siku hizi zina mota za umeme, kelele zake ni ndogo, na tena mpwa wangu hakuweka sauti yoyote. Akatikisa kichwa kilichobeba ile miwani.

"Korona ilikuwa inasema, mwanangu. Ikila sawasawa ina sauti yake. Majani yakizidi sauti inazama, unajua sasa hivi itasonga. Mkanda ukilegea inalia. Macho yetu yalikuwa kwenye majani, mashine tuliiangalia kwa masikio. Hii yenu imenyamaza kama mtu mwenye jambo lake."

Niliona kitu kingine ambacho yeye mwenyewe hakukitaja. Kila mkono wa roboti ulipomsogelea, alikunja vidole vyote, dole gumba likiwa ndani, akafunga ngumi na kuzivuta kuelekea kifuani. Mkono ulipoondoka, vidole vilifunguka. Nilipomuuliza baadaye, akacheka kidogo. Mwenzake wa zamu aliwahi kuacha vidole viwili kwenye mnyororo, akasema, na tangu siku ile kila aliyekuwa zamu ile alijifunza kutembea amekunja mkono. Mashine ile imekwisha kuuzwa chuma chakavu. Tabia yake bado imo mwilini mwa watu.

Kisha akavaa mjukuu. Alipokea boksi la kwanza bila kusita, la pili akalipokea kwa mkono mmoja, na kabla ya la tatu alikuwa ameshapenyeza kichwa katikati ya viungo vya roboti, mkono unampita kifuani naye anacheka.

"Babu, haiumi!"

"Hiyo haiumi," mzee akajibu kutoka kitini. "Itakayokuja itauma."

Kwa mtafiti wa fani hii, dakika chache zile za barazani zina mambo mengi. Uhalisia pepe wenyewe si mpya: Mmarekani Ivan Sutherland alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani mwaka 1968, kizito kiasi cha kuning'inizwa darini. Kilichobadilika ni wepesi na bei. Leo miwani hupima kichwa kimegeukia wapi, mikono iko wapi, mtu amesogea sentimita ngapi. Nyingine hufuata hata mboni za macho. Ukiongeza kifaa cha kupima mapigo ya moyo na kingine cha kupima jasho la viganjani, unaweza kujua ni wakati gani hasa mtu aliogopa, hata kama mdomoni anasema yuko sawa. Mtafiti anaweza kuongeza kasi ya roboti, kuipunguza, kuisogeza karibu, kuibadilisha umbo, na kurudia jaribio lilelile kwa mtu mwingine bila tofauti hata ya nukta. Zaidi ya yote, roboti ikimgonga mtu, hakuna anayepelekwa hospitali.

Woga wa kumgonga mtu una historia. Roboti ya kwanza ya kiwandani, Unimate, ilianza kazi 1961 katika kiwanda cha General Motors huko New Jersey, na kwa miongo mingi roboti za aina yake zilifungiwa nyuma ya uzio. Tarehe 25 Januari 1979, kwenye kiwanda cha Ford cha Flat Rock, Michigan, kijana wa miaka 25 aitwaye Robert Williams alipanda kwenye rafu za ghala kutoa vipuri kwa mkono wake, kwa kuwa mtambo wa kuvitoa ulionekana kuchelewa. Mkono wa roboti ulimjia na kumpiga kichwani, akafa palepale. Anatajwa kuwa mtu wa kwanza kuuawa na roboti. Mwaka 1983 mahakama iliamuru familia yake ilipwe dola milioni 10 na waliotengeneza mtambo. Miongoni mwa malalamiko ya familia ni kwamba hapakuwa na sauti ya kuonya kuwa roboti inakaribia. Mzee wa Usagara hakuwahi kusikia habari za Williams, lakini swali lake la kwanza liligusa jambo lilelile.

Katika miaka ya 1990 wahandisi walianza kufikiria roboti za kufanya kazi na mtu bila uzio katikati, na mwaka 2008 kampuni ya Universal Robots ya Denmark ikauza mkono wake wa kwanza wa aina hiyo. Uzio ukishaondoka, lazima ijulikane roboti inaweza kumgusa mtu kwa nguvu kiasi gani. Kanuni ya kimataifa ya ISO/TS 15066 ya mwaka 2016 ikatoa viwango vya kila kiungo cha mwili: kiganja, bega, paja, na kadhalika. Viwango hivyo vya maumivu vilitokana na vipimo vilivyofanywa Chuo Kikuu cha Mainz, Ujerumani, kwa watu 100 waliojitolea, katika sehemu 29 za mwili.

Nilipomsimulia mzee habari hiyo, alinyoosha viganja vyake akaviangalia. Vina sugu za miaka, na kwenye ncha za vidole hisia imepungua. Sina ugomvi na watu 100 wa Mainz. Vipimo vyao ni vya uungwana na vimesaidia dunia. Lakini kanuni inayotokana na ngozi yao itafungwa kwenye mashine zitakazofanya kazi na watu wenye mikono kama ya huyu mzee, na kiganja chenye sugu huchelewa kuhisi. Kuchelewa kuhisi ni kuchelewa kuondoa mkono.

Uhalisia pepe nao una mapungufu yake, na watafiti makini huyasema wazi. Hauna uzito: boksi la mpwa wangu lilikuwa jepesi kuliko karatasi. Hauna harufu wala joto. Watu wengine hupata kizunguzungu na kichefuchefu. Tena imethibitishwa mara nyingi kwamba mtu aliyevaa miwani hii huona vitu viko karibu kuliko vilivyo, hasa kwenye vifaa vya zamani. Sasa fikiria unapima mtu anajitenga na roboti kwa umbali gani, kwa chombo kinachofupisha umbali. Ndiyo maana napenda walivyofanya watafiti wa shule ya wahandisi ya MINES ParisTech, Ufaransa, pamoja na kampuni ya magari ya PSA Peugeot Citroën, katika kazi waliyoichapisha 2014. Waliwaweka watu karibu na roboti halisi, wakawaweka pia karibu na roboti ileile ndani ya uhalisia pepe, wakapima mwili na kuuliza maswali pande zote mbili, ili ijulikane jaribio la miwani linaaminika hadi wapi. Chombo nacho kilitiwa mizani.

Asubuhi iliyofuata nilishuka mjini hadi maeneo ya bandari, nikaketi kwa mama ntilie anayeuza chapati na maharage kwa wafanyakazi wa zamu. Bandari ya Tanga imebadilika mbele ya macho ya watu hawa. Zamani meli kubwa zilitia nanga kama kilomita 1.7 kutoka gatini kwa sababu maji yalikuwa mafupi. Mzigo ulishushwa kwenye matishari, ukavutwa hadi ufukweni, ukapandishwa tena. Baada ya mradi wa shilingi bilioni 429.1, njia ya meli na sehemu ya kugeuzia zimechimbwa hadi kina cha mita 13, magati mawili yenye urefu wa mita 450 yameboreshwa, na meli inafunga ukutani.

Aliyeketi mbele yangu alikuwa kuli wa makamo aliyefanya kazi zama zote mbili. Kwenye tishari, alinieleza, mzigo unaning'inia kwenye kamba za meli, meli inayumba, na tishari linayumba kwa namna yake. Kuli anayepokea hujifunza kusubiri pumzi moja ya wimbi kabla ya kunyoosha mkono. Gatini hapayumbi kitu. Hatari imehamia kwingine: kreni ni ndefu, dereva yuko juu mbali, na mashine za kubeba kontena zinarudi nyuma kwa kasi.

Nikamwonyesha miwani. Alivaa akiwa ameketi, bakuli la maharage likiwa bado pajani, akapokea maboksi mawili matatu kwa utulivu wa mtu aliyezoea kupokea vitu vizito kutoka hewani. Kabla ya kunyoosha mkono, kila mara alisubiri kidogo. Alikuwa anasubiri wimbi, na ndani ya kiwanda cha mpwa wangu hakuna bahari. Alipovua akauliza swali ambalo sijawahi kulikuta kwenye dodoso lolote la watafiti nililosoma.

"Roboti ikidondosha mzigo, anakatwa nani?"

Wenzake wakacheka, kisha wakanitazama wakisubiri jibu. Nilikuwa nimesoma kuhusu imani ya mtu kwa mashine, inayopimwa kwa alama moja hadi saba. Kuli yule alikuwa na kipimo chake. Mshahara ukikatwa kwa kosa la mashine, hataiamini hata ikiwa na adabu namna gani. Na asipoiamini atakaa mbali nayo, au atafanya kazi yake mara mbili kuhakikisha, na faida yote iliyoahidiwa kwenye makaratasi itapotea hapo. Hofu ya roboti, kwa mfanyakazi wa Tanga, ina mguu mmoja kwenye usalama wa mwili na mwingine kwenye mkataba. Anayepima mguu mmoja tu atapata nusu ya jibu.

Roboti si ndoto ya mbali Afrika Mashariki. Mei 2020 Rwanda ilipokea roboti tano za kusaidia wahudumu wa wagonjwa wa Uviko-19, zilizotengenezwa na kampuni ya Zora Bots ya Ubelgiji, zikapewa majina ya Kinyarwanda: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Zilipima joto na kumpunguzia muuguzi safari za kwenda kitandani mwa mgonjwa. Nairobi, mwaka 2024, mkahawa mmoja wa Kilimani ulianza kutumia roboti kupeleka chakula mezani, huku wahudumu binadamu wakibaki kupokea oda na kuzungumza na wateja. Hapa Tanga penyewe, Chongoleani, ndiko linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, na mabomba ya aina hiyo hukaguliwa kwa mashine zinazosafiri ndani yake.

Tanga pia ina mahali pa kuanzia. Taasisi ya Projekt Inspire, kwa kushirikiana na Halmashauri ya Jiji, imejenga STEM Park, bustani ya sayansi ambako watoto hujifunza kwa kugusa na kujaribu, chini ya mpango wa Tanga Yetu unaofadhiliwa na Fondation Botnar ya Uswisi. Kijana aliyekulia karibu na bustani kama hiyo anaweza kujenga kiwanda cha kuigiza kama cha mpwa wangu, na akakijenga vizuri zaidi, kwa sababu akitaka kujua korona ililia vipi, anakwenda nyumba ya pili kuuliza.

Kabla ya kurudi nilishika barabara ya Pangani hadi Kigombe, kijiji cha wavuvi. Nilitaka kusikia habari za roboti iliyowahi kufanya kazi katika maji yao. Kuanzia mwaka 2003 nyavu za jarife, zinazotegwa chini sana kwa ajili ya papa, zilianza kunasa samaki mkubwa wa ajabu, mwenye magamba mazito na mapezi yaliyojazwa nyama. Alikuwa silikanti, samaki ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za madinosari, hadi mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Mwaka 2007 timu ya jumba la samaki la Aquamarine Fukushima la Japani ilikuja Tanga na roboti ya chini ya maji, inayoongozwa kwa waya na mtu aliyeketi juu ya boti akitazama skrini, ikawapiga picha silikanti wakiwa hai kwenye miamba yao. Mwaka 2009 eneo hilo likatangazwa kuwa hifadhi ya bahari.

Mvuvi mmoja aliyekuwa akishona wavu kivulini alinisikiliza nikimweleza roboti ile ilivyoona chini. Akaendelea na sindano yake.

"Na nani aliwaambia pa kuiteremsha?"

Alikuwa na haki. Wanasayansi walijua pa kutafuta kwa sababu jarife za wavuvi zilishawaonyesha. Roboti ilikwenda mbali kuliko wavuvi wale wangeweza kuzamia, ikiwa nyuma ya ujuzi wa watu wasiojua hata bei yake. Kazi ilifana kwa sababu mpangilio ulikuwa huo: kwanza mwenye maji, kisha mashine.

Mpangilio huo ndio ninaouona unapotea mara nyingi mashine mpya zinapoletwa. Mashine huchaguliwa ofisini, huagizwa, hushushwa, halafu wafanyakazi huitwa kufundishwa. Mafunzo ni mazuri, lakini mafunzo humwambia mtu ajirekebishe ili aendane na mashine. Uchunguzi wa uhalisia pepe unaweza kugeuza swali: mashine iweje ili iendane na mtu huyu? Iwe na sauti? Isubiri kidogo kabla ya kukabidhi mzigo? Ipitie upande gani, kwa mtu aliyezoea kusimama ubavuni? Majibu ya maswali hayo yakipatikana kabla ya ununuzi ni marekebisho ya programu. Yakipatikana baadaye ni ajali, au ni mgomo. Makuli wa Tanga waligoma Agosti 1939, wakati ambapo hapakuwa na njia nyingine ya kusikilizwa.

Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na wakala wa kuisimamia, OSHA. Bodi ya Mkonge makao yake yako Tanga. Mamlaka ya Bandari ina magati mapya. Vyuo vyetu vya ufundi na uhandisi vina vijana wanaojua kujenga kiwanda ndani ya miwani kwa wiki chache. Ninachoomba ni kimoja: kabla mtambo wowote unaojiendesha haujaagizwa kwa ajili ya kiwanda, shamba au gati, wafanyakazi watakaosimama nao wakutane nao kwanza ndani ya uhalisia pepe, wapimwe, waulizwe, na majibu yao yaandikwe kwenye masharti ya ununuzi pamoja na jibu la yule kuli kuhusu nani anakatwa mzigo ukianguka. Wazee wa korona wawepo kwenye chumba cha majaribio hayo wakiwa bado hai, maana wanachokijua hakijaandikwa popote.

Miwani moja haifiki bei ya bodaboda mpya. Taasisi zote nilizozitaja zina uwezo wa kuinunua kesho, na watu wa kuivaa wanapatikana Usagara jioni yoyote, barazani.